Kisu cha Makali Matatu

Mama yangu mpendwa,

Siku ya kugawa nguo zako, shangazi alifungua sanduku lako la bati hapa kwake Kawangware. Chini ya leso akakuta kile chuma: mpini mmoja, makali matatu, kila moja limeelekea upande wake kama tawi. Wanawake wote walirudi nyuma.

"Hii ni ya kukata sukuma wiki?" shangazi aliuliza. Hakuna aliyecheka. Jioni alisema hicho ni chombo cha uchawi, na mchawi humwachia binti yake; Jumamosi nitapelekwa nyumbani kijijini nikatakaswe. Shule itangoja. Niliogopa, Mama. Niliogopa zaidi kwa kuwa sikujua nikutetee vipi.

Nilikumbuka tulipokuwa wapangaji Kibera. Nilikuona mara moja ukikipaka mafuta, ukaniambia, "Si chetu, tumewekewa." Hukusema na nani. Sasa chuma kilikuwa kimeachwa nje ya nyumba ya shangazi, hakuna aliyetaka kukigusa. Nikakifunga kwa gunia nikatembea hadi Laini Saba, kule Kibera, kwa Habuba, yule bibi Mnubi aliyekuwa mwenye nyumba wetu, ambaye mlizoea kuchagua mchele pamoja. Kila nilipoona askari, nilivuka barabara.

Habuba alikitambua kabla sijamaliza kukifungua. Babu yake alikuja nacho kutoka Sudan, akiwa mwanajeshi wa Wazungu. Hakikuwa cha kukata; kilirushwa vitani. Askari walipopekua nyumba za Wanubi wakitafuta silaha, alikuletea ukifiche.

"Mama yako alinitunzia siri," alisema, akajifuta macho.

Alikuja nami Kawangware, ingawa naye aliogopa. Shangazi alimsikiliza, mikono kiunoni.

"Kama ni ya kurusha, rusha tuone."

"Mkono wangu umezeeka, mwanangu. Huyu atarusha."

Alinipanga vidole kwenye mpini. Nikarusha. Kikazunguka hewani, kikazama kwenye mgomba wa uani.

"Umeona sasa?" Habuba alipiga makofi.

Shangazi hakumtazama. Alinitazama mimi. "Na ni mara ya kwanza kurusha," alisema polepole.

Mama, nilitaka kusafisha jina lako, na sasa sijui mkono wangu umemwambia nini: kwamba kisu ni cha vita tu, au kwamba nimerithi kitu kwako. Leo ndiyo Jumamosi. Begi alilonifungia liko mlangoni, na basi la asubuhi limeshaondoka. Hajasema kama tutapanda la jioni. Nimefua sare ya shule, nikaianika pale atakapoiona.

Pumzika, Mama. Niombee huko uliko.

Ni mimi, binti yako wa kwanza