Vitambaa Vyekundu vya Mkonze

Mama yangu, shikamoo huko uliko.

Naandika kukupa habari za miti yako, kwa sababu hapa Mkonze kila ninayeanza kumweleza ananiambia, "Basi, yaache."

Unazikumbuka Ijumaa zile? Nilikuwa darasa la sita, na shuleni nilipaswa kukuita Mwalimu kama wenzangu. Ulitutoa darasani ukatupeleka kwenye mashamba makavu nyuma ya shule, ukatuonyesha kwamba ardhi tuliyoiita jangwa ilikuwa na mizizi hai. Kwenye kisiki cha mgunga tulichagua machipukizi mawili yaliyonyooka, tukapogoa mengine, kisha tukafunga kitambaa chekundu ili wachungaji wajue mti huo unalelewa. Vitambaa ulivichana kutoka kanga zako mwenyewe. Fundo langu lilifunguka kila mara.

"Mwalimu, mwanao anafunga kama anafunga mbuzi wa kuazima!" Yohana wa darasa letu alipiga kelele, nawe ukacheka mpaka ukakaa vumbini. Nyumbani hukuwahi kucheka hivyo.

Ulipofariki, nami nikiwa mwalimu shuleni hapo hapo, niliomba Ijumaa zako, nikapewa. Migunga ya wakati wetu ilikuwa imeshanipita urefu. Niliwaambia watoto waweke kiganja kwenye udongo wa juani, kisha kwenye ule wa kivulini, wanyamaze kwanza ndipo waseme. Neema, binti wa Mama Matika jirani yetu, alisema, "Huku kivulini ni kama umemgusa mtu."

Mwaka huu wapimaji wa viwanja wakafika kitongoji cha pili. Nao walifunga tepe nyekundu kwenye miti ya mipakani. Haikupita muda, tukakuta mashamba ya nyuma ya shule yamekuwa meusi kwa moto. Wenye mashamba wenyewe hawakuishia kukata miti yako, mama. Walichimba visiki vyote wakachoma na mizizi, na hakuna kitakachochipua tena.

Nilimkuta Mama Matika anapepeta uwele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Najua kilichokuleta."

"Vile vitambaa vilikuwa vya mama, si tepe za wapimaji. Mnavijua miaka yote."

"Mama yako tulimjua. Sasa hayupo, tumuulize nani? Kule kijiji cha Miyuji wapimaji walianza na alama hivyo hivyo, watu wakaamka shamba lina mwenyewe mwingine. Ungekuwa wewe ungengoja?"

Akaendelea kupepeta. Ningetamani niwachukie, ningepata usingizi. Lakini waling'oa miti ili wabaki na ardhi ile ile uliyotufundisha kuipenda, na mimi nashindwa kupata mahali pa kuiweka hasira yangu. Naizungusha ndani kama mgonjwa anayetafuta upande wa kulalia.

Leo ilikuwa Ijumaa. Nilisimama mlangoni nikasema, "Haya, tutoke."

Hakuna aliyeinuka. Nilidhani hawakusikia, nikarudia. Neema akaangalia dawati lake.

"Mwalimu, baba amesema tukienda tena huko, shamba letu litachukuliwa."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Hawakuwa wakaidi, mama. Walikuwa wananihurumia.

Nikafunga mlango kwa ajili ya vumbi, nikachora mgunga ubaoni: mizizi, shina, matawi. Wakanakili kimya, wengine kwa rula. Walichora vizuri sana. Nikawapa wote alama ya vema.

Pumzika, mama. Usiniulize habari za Ijumaa ijayo.

Mimi mwanao,
mwanafunzi wako wa darasa la sita.