Mama Yake Atapiga Makofi Asijue Anatukanwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla siku ya wazazi haijafika, maana nina hasira mpaka nashindwa kusoma, na kusoma ndicho kitu pekee ninachokiweza.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha maneno ya kujihusisha na ugomvi: "meddle" ni kujichomeka kwenye mambo ya watu, "take sides" ni kuegemea upande, "mediate" ni kusuluhisha, na "intervene" ni kuingia kati ili ubaya usiendelee, nikayakariri yote siku ileile, kisha akasema tuyafanyie mchezo wa kuigiza, akamchagua rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja agombanie kiti cha dirishani na Kipaza, mwanafunzi mwenzetu tunayemwita hivyo kwa sababu ya mdomo wake, na mimi ambaye hata kuitikia jina langu naona haya nikapewa kuwa msuluhishi.

Walianza vizuri, halafu Kipaza akaachana na habari ya kiti, akamwambia rafiki yangu kwa Kiingereza safi kwamba mama yake anasugua vyoo vyetu ndiyo maana na yeye ananuka, na kweli mama yake ndiye msafishaji wa shule, darasa zima likaangua kicheko, rafiki yangu midomo ikamtetemeka akasema, "Acha basi, tafadhali," na mwalimu akapiga meza: "Kiingereza! Kiingereza tu hapa!" Mshauri, rafiki yangu alikuwa haigizi! Nami nilisimama katikati yao nina maneno yote kichwani, sikutoa hata moja. Mwalimu akasema hajawahi kuona uigizaji wenye uhai namna ile, akampa Kipaza alama zote, na sasa anataka turudie vilevile mbele ya wazazi.

Mama yake rafiki yangu hajui Kiingereza. Ameshaomba ruhusa aweke ndoo pembeni siku hiyo, akae mstari wa mbele. Jana alinishika bega koridoni akaniambia, "Mwanangu, nasikia mtaigiza pamoja! Nitawapigia makofi mpaka mikono iume." Nilikimbia.

Rafiki yangu anasema niache tu, ataonekana anadeka. Mama yangu anasema, "Usijitie kimbelembele, hayo ni ya watu." Kaka yangu alicheka: "Wewe? Wewe unayeshindwa kudai chenji dukani?" Je, nikisema nitakuwa nimejichomeka, au nimeingia kati?

Ni mimi, Msuluhishi Asiyesema.

Msuluhishi,

Nimesoma barua yako nikainuka, nikaizunguka meza, ndipo nikarudi kukaa. Hasira yako ni halali, na yangu imeungana nayo. Mtu mzima anamsikia mtoto akiomba aachwe, yeye anasahihisha lugha! Eti uigizaji wenye uhai. Uhai gani? Yule alikuwa anaumia.

Lakini na wewe acha kujificha nyuma ya kamusi. Unatafuta jina la kitendo kabla hujakitenda. Mama aliyekuita mwanangu anaandaliwa tusi alipigie makofi kwa mikono yake mwenyewe, halafu unaniuliza kama yanakuhusu? Yanakuhusu. Na mama yako sidhani umemweleza yote. Mweleze, tusi na ndoo na mstari wa mbele, uone kama atarudia kuwa hayo ni ya watu.

Anza na rafiki yako, maana kwenda nyuma ya mgongo wake ndiko kujichomeka kwenyewe. Mwambie wazi kwamba wewe huigizi mchezo huo, na kwamba unakwenda kumwambia mwalimu kwa nini. Akitaka kufuatana nawe, vizuri. Asipotaka, usimburute, lakini sehemu yako ni yako na unaweza kuikataa.

Nenda ofisini kesho, si keshokutwa. Una haya? Ongea hivyohivyo na haya zako. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke. Mwombe mwalimu jambo moja tu: aitamke ile sentensi ya Kipaza kwa Kiswahili, kwa sauti, kisha akuambie kama anaweza kuitamka hivyo mbele ya yule mama akiwa ameshika fagio lake. Akishindwa, aifute, na Kipaza amwombe rafiki yako radhi bila watazamaji wa kumchekea. Akikwambia ni mchezo tu, toka hapo uende moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, na mama yako awe pembeni yako.

Na kama wakubwa wote watawapuuza, ikabidi mpande jukwaani, basi kumbuka umepewa sehemu ya mtu anayezuia ugomvi. Kipaza akifungua mdomo tu, ingia kati. Sema, "Basi, inatosha." Iseme kwa Kiswahili, mstari wa mbele wakusikie.