Santuri Isiyongoja Kuitikiwa

Ilomba,
S.L.P. 218,
Mbeya.
24 Juni 1973.

Mpendwa Baba Kashindye,

Salamu nyingi zikukute huko kwenye baridi ya Urusi, nasi tuko kwenye baridi yetu ya Mbeya. Hujambo? Kifua kimeacha kubana? Na ule mguu ulioangukiwa na chuma karakanani umepona kweli, au unaniambia umepona ili ninyamaze? Unasema chakula chenu ni viazi asubuhi na jioni. Kama ni viazi, si ungebaki hapa hapa, viazi tunavyo.

Sisi wazima. Binti yako ana meno manne na ameanza kusimama kwa kushika kiti. Paji la uso ni lako. Hasira sijui katoa wapi. Mama yako naye mzima, anatembea, anakula. Hilo la kula nitakueleza, maana ndilo lililonikalisha kitako Jumapili nzima niandike.

Santuri yako ilifika mwezi wa nne. Najua unajiuliza mbona sikujibu upesi. Soma taratibu, usirukeruke.

Kuna jambo nilikuficha, sikutaka uwe na mawazo. Tangu Januari mama alikuwa haamini barua zako. Nikisoma ananitazama mdomo. Nikimaliza ananiuliza, "Hayo maneno ya nani?" Namwambia ya mwanao, mama. "Mbona yanatoka na sauti yako?" Nilidhani ni utani. Kumbe kule Usangu kuna mama mmoja mwanawe alifia migodini, ndugu wakamficha mwaka mzima, wakawa wanamsomea barua walizotunga wenyewe. Mama alikuwapo siku ile siri ilipofunuka. Sasa naye akajipigia hesabu yake: mwanangu kavuka bahari, simwoni, kila nikitaka kumsikia namsikia mkamwana. Basi amekufa, wananizungusha.

Mwezi wa tatu akavua shanga zake. Chakula akawa anagusa tu. Akatuma mtu kwa shemeji Nkuba, aje amchukue baada ya kuvuna mpunga, arudi Usangu akakuwekee matanga. Matanga ya mtu ambaye wiki ile ile ameniandikia kwamba soksi zake zimetoboka vidoleni.

Ndipo santuri ikaja. Nilipoifungua pale posta nililia, nikasema dawa ndiyo hii. Sikujua kwamba nimefungua mateso.

Hivi, mume wangu, ulipoingia kwenye hicho kibanda cha stesheni, ukasema ndani ya tundu, wakakutolea santuri, ukalipa, ukaitia kwenye bahasha, ukabandika stempu, katika muda wote huo hukujiuliza Evarista ataipiga kwa kitu gani? Kwa mfuniko wa sufuria? Kitu chenyewe chembamba kama ile picha ya mifupa ambayo daktari huinua dirishani, na kimejikunja kwa kukaa kwenye bahasha. Mama alikishika kwa vidole viwili. "Mwanangu yumo humu?" Nikamwambia sauti yake imo. Akaniuliza, "Na mwili uko wapi?"

Usiku ule sikulala, kesho yake nikaenda mjini kwa Mama Kumud, yule Mhindi anayeuza redio karibu na soko. Anayo mashine ya kupigia santuri, nyekundu, ya betri sita, na spika yake imo kwenye mfuniko. Baba Kashindye, niliipenda mashine ile. Nilikuwa na hela za viazi nilizoweka, na kichwani nilikwisha kuipangia kitambaa cha kuifunika. Mama Kumud akaiinua santuri yako kwenye mwanga, akaigeuza, akatafuta kati ya maandishi ya huko mpaka akaona namba.

"Hii sabini na nane," akasema. "Inataka kwenda mbio, kama santuri za zamani. Mashine yangu inakwenda arobaini na tano, na thelathini na tatu, basi. Nikikuuzia, mama, utafurahi mpaka nyumbani tu."

Nikamwuliza haiwezi kukazwa ikaenda mbio.

"Ng'ombe wa jembe ukimchapa anakuwa farasi?"

Akaniambia nitafute mzee mwenye gramafoni ya kutia ufunguo. Nimshukuru, angeweza kunyamaza akachukua hela. Lakini fikiria mwenyewe: mpya zimejaa madukani hazifai, na ile ya zamani iliyofaa watu wameitupa. Nilizunguka maduka ya mjini yote. Nikaenda mpaka Mbalizi, nikaambiwa mwenye kilabu fulani anayo. Kweli anayo. Akafungua mfuniko, ndani kuku anaatamia. Akaniambia nirudi baada ya wiki tatu.

Mwisho kaka yangu Filemoni akaleta habari kutoka Nyololo kwamba gramafoni ya marehemu baba mkwe wake bado ipo, aliinunua zamani alipokuwa akifanya kazi kwenye chai. Nikambeba mtoto, nikapanda basi la asubuhi. Unamjua Filemoni. Masharti yake yalikuwa mengi kuliko mahari yangu. "Dada, usiiweke penye unyevu. Dada, usikaze ufunguo sana, springi itakatika, na mke wangu atanihamisha nyumba. Dada, mtoto asiisogelee." Anajua kila kitu cha gramafoni ile isipokuwa mahali sindano zilipo. Nilirudi na sindano mbili, zina kutu kama misumari ya paa la zamani.

Nyumbani nikaanza kuitengenezea mahali pake. Meza ina mguu mfupi, nikatia kigae. Santuri haitaki kulala, imejikunja kama jani la mgomba lililokauka. Jirani yetu Apolonia akasema, "Ipige pasi." Nilikwisha kuwasha mkaa ndipo akili ikanirudia. Nikaiweka chini ya godoro la mama, akakulalia siku mbili bila kujua. Ikanyooka kidogo. Katikati nikaibandika sarafu mbili za sumni isiteleze.

Sasa sikia balaa. Kwa kuogopa maneno ya Filemoni nilitia ufunguo kidogo tu. Mama kaketi kwenye mkeka, Apolonia kasimama mlangoni na mwanawe mgongoni. Nikashusha sindano. Ikakwaruza, ikakwaruza, halafu ukaanza kusema. Lakini si wewe. Sauti nzito, inajivuta, neno moja linatoka kwa dakika nzima, kama mtu anayeongea kutoka ndani ya shimo. Apolonia alikuwa wa kwanza kutoka. Mama akaweka mikono kichwani. "Hiyo ni sauti ya chini ya udongo," akasema, akapiga ukunga, mayowe ya msiba.

Unajua ukunga wa mama. Watu wa Ilomba walikuja, walio shambani na walio nyumbani. Mama mmoja alikuja na unga kabisa, kipeto kizima, amejifunga khanga kiunoni tayari kwa kupika msibani. Nikasimama mlangoni nikiwaambia jamani hakuna aliyekufa, ni ufunguo tu haukujaa. Nani anasikia habari za ufunguo wakati mama mzazi analia? Yule mwenye unga aliondoka amenuna, kama vile nimemdanganya.

Siku ya pili nikasema potelea mbali, springi ikatike, Filemoni ahamishwe. Nikatia ufunguo mpaka mkono ukauma. Mama alikataa kuja. Apolonia akamshika mkono, akamwambia, "Mama Ng'washi, kama huyo Ng'washi wako ni marehemu, si uje umuage?" Akaja.

Nikashusha sindano, na mara hii ni wewe. Baba Kashindye, ni wewe mwenyewe, na ile sauti yako ya kama umetia karanga mdomoni. Nilishika meza. Ukamsalimu mama kwa Kisukuma, "Mwadila mayu." Mama akashtuka, akajiweka sawa, akaanza kukuitikia kama mnavyoitikiana kwenu: mwadila baba, mhola, umeshindaje, wa huko wameshindaje. Hajafika hata nusu, wewe tayari uko kwa babu. Mama akasema, "Ngoja, nakuitikia." Wewe hukungoja. Ukamsalimu shemeji Nkuba. Mama akapandisha sauti, "Nimesema ngoja." Ukasalimu ng'ombe. Ukaanza kueleza theluji.

Mama alisimama. Kisukuma chenu sikijui vizuri, na alikuwa anakwenda mbio, ila niliyoyashika ni haya: nani kakufundisha kusalimu watu huku unawapa mgongo, amekubeba miezi tisa na miaka miwili mgongoni, leo unamrushia salamu kama anayewatupia kuku mtama. Kama huko ndiko wanakosalimiana hivyo, basi wamekuharibu na shahada yao ya matrekta ibaki huko huko. Santuri ikaisha, sindano ikawa inakwaruza bure, yeye bado anakukaripia kwa kidole, anaelekeza kwenye sanduku la gramafoni.

Apolonia akamwambia, "Mama, hasikii huyo."

"Atasikia. Ana masikio, nimemzaa nayo."

Akaketi anahema. Nikajua nimekwisha, kesho anaondoka. Akaniuliza, "Mkamwana, ugali umebaki?" Nikamletea na mlenda. Akamaliza. Akaomba mwingine. Asubuhi namwona shanga ziko shingoni.

Nilikaa nikafikiri, nikaelewa. Marehemu hakaripiwi. Marehemu analiliwa. Yeye alipokukaripia alikuwa amekwisha kujua kwamba u hai, sema hasira zilitangulia mdomoni. Kwa shemeji Nkuba ametuma neno jipya, asije kumchukua, alete samli tu. Kwa hiyo matanga yako hayapo. Mshukuru Mungu kwa kukosa adabu kwako.

Lakini usifurahi sana. Ilomba nzima anawaambia, "Mwanangu yu hai, ila ameharibika." Kisimani, sokoni, kwa fundi cherehani. Na santuri hataki kuisikia tena mpaka umtake radhi. Nilimbembeleza siku moja akakubali nijaribu kukusimamisha: ukisalimu nainua sindano, yeye anaitikia, nashusha. Sindano inatua inapotaka yenyewe. Ulisalimu ng'ombe mara mbili, babu ukamsalimu nusu. Mama akasema, "Unaona? Hata akisimamishwa anaruka." Na kila mara santuri inachanika, inatoka vumbi jeusi. Filemoni ameniambia nichonge mwiba wa mchongoma badala ya sindano. Mwiba hauchani, ila unasikika kama uko ng'ambo ya mto kuna upepo.

Na mimi nina langu. Umesalimu mama, babu, shemeji, ng'ombe, jirani, mpaka mwalimu wako wa darasa la tatu. Theluji ukaieleza. Mwishoni ndipo ukasema, "Na wewe Mama Kashi," santuri ikaisha. Mimi na mwanao tumepata nusu ya jina. Pale mahali nimepapiga mara kumi na moja, labda kuna kitu nyuma yake. Hakuna.

Basi nakuomba uingie tena kwenye kile kibanda. Ukisema "mwadila mayu," funga mdomo. Hesabu moja moja mpaka thelathini, usiende mbio. Kisha muulize hali, hesabu mpaka hamsini, maana hapo ataingia kwenye habari za miguu yake. Kisha umtake radhi, nyamaza tena, hesabu unavyoweza. Theluji acha. Ng'ombe nitawasalimia mimi. Na tafadhali weka kibao pande zote mbili za bahasha isije tena imejikunja.

Shemeji Nkuba anakusalimu, anasema ndama watatu wamezaliwa. Filemoni na nyumba yake wanakusalimu, springi haijakatika. Apolonia anakusalimu, anasema siku ile hakukimbia, alikwenda kutazama chungu. Mama hakusalimu. Amesema utasalimiwa ukijifunza kusalimu. Lakini alipoona naandika aliniuliza kama nimekukumbusha kuvaa soksi mbili mbili.

Nimepiga hesabu, Baba Kashindye. Santuri ni dakika tatu. Ukimngoja mama kama nilivyokuelekeza, nafasi yote itakwenda kwake, mimi sitapata hata ile nusu. Usihangaike. Mimi darasa la nne linanitosha kusoma, niandikie kwa karatasi. Sauti mpe mama yote. Yeye akienda kisimani nitatia ufunguo, nimweke mtoto mapajani, tusikilize pale ulipokaa kimya kumngoja. Nadhani tutakusikia unapumua.

Mungu akufunike huko uliko, na akuvushe bahari salama urudi kwenye mlango wako.

Wako akupendaye hata ukiwa na haraka,

Evarista,
Mama Kashindye.