Wilbaro ya Winny

Baba Lorine,

Hapa Bondo mvua imenyesha na mahindi yanapendeza. Kaka yangu Okinyi alikuona sokoni Kisumu. Anasema wilbaro kuukuu ya Winny muuza samaki umeichomelea upya, ukaifungia gurudumu la pikipiki, kisha ukamkalisha ndani na kumsukuma soko zima. "Dada, shemeji alikuwa anacheka mpaka machozi!"

Usinijibu kwamba ulikuwa unajaribu uzito. Hoja hiyo naijua. Ndiyo uliyonipa uliponisukuma mimi kabla hujanioa, na mawe ya kujaribia yalikuwa tele pale pale.

Wilbaro yangu imetoboka, mbolea nabeba kichwani. Jumamosi naileta. Utaitengeneza, nitakaa ndani, na Winny atatupisha njia.

Mkeo bado,
Milka