Mkono wa Baba na Kitabu cha Datsun

Mwanza,
14 Agosti 1994

Dada Suzana,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko Nansio na wanafunzi wako bado hawajakumaliza. Sisi huku miili ni mizima, mengine utayasoma.

Bila shaka ulisikia gereji yetu ilipewa Datsun ya Nurdin wa duka la vipuri, ile ya milango miwili na pua ndefu, ya mwaka sabini na mbili, tuiandae kwa mashindano ya kwenda Usagara na kurudi. Nani aliyeipuliza ile rangi nyekundu? Mdogo wako! Tuling'oa zulia, redio, hata hita, ikawa nyepesi, ukiisukuma kwa kiuno inakwenda. Vijana wa mtaa walikuja kunitazama mimi, si gari.

Siku ya kufunga silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, Nurdin alileta kitabu cha Kiingereza na spana yenye mshale wa kipimo. Unamjua Baba: miaka thelathini anakaza bolti kwa mkono, macho kafumba. Safari hii akaniambia nimsomee, maana nyumbani kwake kuna msomi. Nikakohoa kama mwalimu mkuu, nikataja namba ya kukazia. Baba akakaza, akasita, akasema mkono wake unakataa, bolti zimetosha. Nikamcheka mbele ya Nurdin, nikamwambia mambo ya kukisia yalikwisha na Ujamaa, sasa ni vipimo. Akanitii. Baba, kunitii mimi!

Gari halikufika hata Usagara. Bolti zilikatika, maji yakaingia kwenye oili, injini ikanoki, ikazima. Nurdin akamwambia Baba mbele ya watu arudi kijijini akatengeneze mashine za kusaga. Nyumbani Baba alisema kitabu hakikosei, ila mkono wake umezeeka. Tangu hapo hagusi spana. Sanduku lote jana kampa fundi wa jirani.

Dada, kitabu hakikukosea, wala mkono. Ule ukurasa sikuuelewa. Niliona namba nyingi nikachagua kubwa, kwa vile Nurdin alikuwa ananitazama. Kidato cha pili ulichonilipia, Kiingereza chake nilikiacha kwenye uwanja wa mpira.

Nimejaribu kumwambia Baba mara tatu. Kila nikifungua mdomo, ananiita msomi wangu.

Msalimie shemeji, na Evelina mwambie mjomba anamkumbuka. Njoo umwambie Baba wewe, kwa mdomo. Usimwandikie, Dada. Barua zake namsomea mimi.

Mdogo wako,
Ndalahwa Maige