Kitenzi cha Mama Riziki

Jumatatu, 3 Februari
Chai, dawa ya presha, kisha tafsiri. Tangu nistaafu kufundisha Kiingereza, nusu ya mtaa wetu wa Ngagara huniletea barua zao. Leo Mama Riziki, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mtu wa Uvira ng'ambo ya Kongo. Binti yake amepatikana Kanada. Mtu mzima sasa, Kiswahili kimemtoka. Barua yake ya Kiingereza inauliza jambo moja: kwa nini ulinitoa?

Jumanne, 4 Februari
Amenisimulia. Walikuwa wanakimbia vita. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, juu ya lori, akamtaka mtoto. Yeye akakataa. Lori likaondoka na mtoto.
Nikaandika "took". Akauliza neno hilo linasema nini. Alimchukua, nikamwambia.
"Apana, Mwalimu. Mutu anachukua kitu yenye imewekwa. Mi nilikuwa nimemushika."
Nimeona aibu.

Alhamisi, 6 Februari
Mvua. Asubuhi nzima na kamusi kubwa. "Snatch": kipanga na kifaranga, upesi mno. "Seize": linanuka mahakama. Kisha "wrest". Kumpokonya anayeng'ang'ania. Zamani sana lilikuwa kupopotoa tu, na ni ndugu wa "wrist", kifundo cha mkono.
Usingizi ukanichukua kitini. Nikaona maneno yakitembea juu ya ziwa, ndani ya ukungu, polepole, mengine yamebeba watoto mgongoni. Nilipoamka mvua ilikuwa imekatika. Sikutaka kuinuka.

Ijumaa, 7 Februari
Nimemweleza. Ndani ya neno hili kuna mikono miwili. Mmoja unavuta, mwingine haukubali, unasokotwa mpaka uachie.
Kisha akapandisha mkono wa blauzi. Kifundo cha kulia kimepinda. Miaka yote hii nanunua ndagala kwake, sikuwahi kukiona.
"Andika iyo," akasema.
Nimeandika. Barua imekwenda, kwa barua pepe.

Jumatano, 12 Februari
Jibu halijaja. Mama Riziki hapiti tena mtaani kwangu. Anaogopa kuuliza. Mimi pia naogopa. Huenda binti amelisoma neno lile haraka, kama watu wanavyosoma.

Jumapili, 16 Februari
Amejibu. Mistari mitatu. Baba yake mdogo alimwambia siku zote kwamba mama alimtoa mwenyewe. Sasa anataka kujua alipokuwa mdogo alipenda kula nini.
Tumekaa kibarazani na Mama Riziki. Amefikiri sana, macho kwenye milima ya Kongo, ambayo leo ilikuwa ya bluu na karibu. Uji wa mtama, amesema. Baadaye akasema apana, ndizi za kuiva.
Nimeandika vyote viwili.