Samaki freshi wa mama mkwe

Quyên, nimejifungia chooni kwa mama mkwe. Usinicheke.

Si unajua leo tunamkumbuka baba mkwe, mwaka wa tatu tangu afariki? Nikapeleka kamba wa friza, kilo nzima.

Mama akaushika mfuko kwa vidole viwili, mashangazi wote wanatazama. "We mkwe, unataka kutuua? Cha friza ni maiti! Mwili unataka kitu freshi!"

MAITI, Quyên. Akammwagia paka kamba wangu wote.

Halafu akanituma nikatoe samaki wake freshi. Yuko wapi? Kwenye friza!! Mgumu kama tofali, barafu imemfunika hadi macho.

Nikauliza, "Mama, huyu naye si wa friza?"

Akanitazama kama mwehu. "Wa friza ni yule unayemnunua kashakufa. Huyu aliingia humu anarusha mkia!"

Mashangazi wakatikisa vichwa kukubali. Freshi!

Marehemu kawekewa sahani yake mbele ya picha, nasi tumekula. Sasa tumbo linanikata, paka anajilamba masharubu.

Na hivi sasa namsikia mama huko sebuleni, anaichomea ubani picha ya marehemu: "Mume wangu, umemfaidi samaki? Ndiye yule uliyemchagua mwenyewe sokoni."